UZI: "Dawa yetu, watafiti wetu." Nani alipima, nani alilipa, nani alipona?

1/ Kuna hoja moja haikosi kwenye mdahalo wa siasa hapa Kenya. Mtu anashika maikrofoni anasema, "Mungu ametupa miti ya dawa, ametupa madaktari, kwa nini bado tunaomba nje?" Ukumbi unapiga makofi. Mwingine anajibu, "Wacheni ushamba, tufuate sayansi." Upande wake nao unapiga makofi. Halafu kila mtu anaenda nyumbani. Leo tupitie historia ya hoja hiyo. Kama kawaida ya nyuzi hizi, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama.

2/ Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, kwa hivyo usitafute ushauri wa matibabu hapa. Ninachofuata ni mamlaka na pesa: nani anaamua swali gani litafitiwe, nani analipia, na jibu likipatikana linamfikia nani. Msimamo wangu niuseme mapema. Ugomvi wa "yetu" na "yao" umetufanya tusahau maswali mawili ya maana zaidi. Je, imepimwa? Na kama imepimwa, mgonjwa wa Lodwar ama Kwale ataipata?

3/ Tuanze 1925. Serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Uchawi. Kwenye karatasi, ililenga wanaojidai kuwa na nguvu za uchawi. Lakini mkoloni hakuwa na haja sana ya kutofautisha mchawi, mpiga ramli na mzee anayejua majani ya kutuliza homa. Wote aliwatazama kwa jicho moja. Kwa hivyo wengi wenye maarifa walijifunza kufanya kazi yao kimyakimya. Sheria hiyo bado imo kwenye vitabu vyetu, Sura ya 67. Uhuru ulikuja, yenyewe ikabaki.

4/ Kimya hicho kina gharama ya pande mbili. Dawa nzuri ikifichwa haitafitiwi, na mwenyewe akifa inazikwa naye. Lakini dawa mbaya ikifichwa pia haikosolewi. Inaendelea kuharibu figo za watu na hakuna anayehesabu. Ndiyo maana kazi ya mtu kama Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuwa kubwa. Mwaka 1976 alichapisha kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, chenye majina ya mimea kwa lugha zetu na namna watu wanavyoitumia.

5/ Sasa wale wa "dawa yetu" wana malalamiko ya kweli, tusiwabeze. Mfano ni mti wa muiri, kwa jina la kisayansi Prunus africana. Unamea misitu ya nyanda za juu, na wazee wametumia magome yake tangu zamani. Miaka ya 1960 Wafaransa walisajili hataza ya dawa ya tezi dume inayotokana na magome hayo. Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizouza magome Ulaya. Miti ilichunwa vibaya hadi mwaka 1995 ikaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake lazima idhibitiwe.

6/ Angalia mgawanyo wa kazi hapo. Maarifa yalitoka kwetu, mti ulitoka kwetu, kuchuna magome ni sisi. Kupima, kusajili hataza na kuuza vidonge ni wao. Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha: Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi kuhusu bayoanuwai. Mwaka 2016 bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa hivyo mtu akikuambia hatuna sheria, mwambie tunazo. Pengo liko kwingine.

7/ Pengo liko kwenye kupima. Na hapa mfano bora hautoki Ulaya wala Marekani, unatoka Uchina. Mnamo Mei 23, 1967 serikali yao ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Uliitwa Mradi 523, kwa tarehe yake. Malaria ilikuwa inawaua wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipitia maelfu ya maagizo ya dawa za kienyeji, wakatengeneza zaidi ya viini 380 kutoka kwa mimea, wakavijaribu kwa panya.

8/ Mmea mmoja, pakanga ya Kichina (Artemisia annua), ulionyesha dalili nzuri halafu ukashindwa. Tu alirudi kwa maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Yanasema loweka mmea kwenye maji, kamua, unywe. Hayasemi chemsha. Akawaza kwamba huenda moto ndio unaua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 kiini hicho kikamaliza malaria kabisa kwa panya na nyani. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake walikinywa wao wenyewe kwanza. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

9/ Mwaka 2004 Kenya ilibadilisha mwongozo wake wa kutibu malaria, na kuanzia 2006 vidonge vyenye kiini cha mmea huo vikaanza kusambazwa kwenye vituo vya afya vya umma. Kwa hivyo ile dawa ya malaria unayopewa zahanati ni mtishamba. Ni mtishamba uliopimwa, ukajulikana kipimo chake, ukachanganywa na dawa nyingine ili vimelea visiuzoee. Mtu anayesema "mitishamba dhidi ya sayansi" hajatazama ndani ya pakiti.

10/ Sasa tugeukie nyumbani, sehemu ambayo wengi wa rika langu hawajawahi kusimuliwa. KEMRI ilianzishwa 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika pamoja na mipango yake ya pamoja ya utafiti. Mwaka 1990, watafiti wa KEMRI walitangaza dawa ya Ukimwi, Kemron. Ilikuwa interferoni ya kiwango kidogo sana, inayowekwa mdomoni. Wakasema dalili za wagonjwa zilipungua, na kwamba wengine hata vipimo vyao viligeuka kuwa hasi.

11/ Fikiria hali ya 1990. ARV za kisasa hazikuwepo. Watu walikuwa wanazikwa kila wiki. Halafu Waafrika wanatangaza kwamba wamepata jibu. Serikali ikaizindua kwa shangwe, ikawa fahari ya taifa. Waliouliza maswali walionekana ni wivu wa wazungu. Lakini swali la msingi lilikuwa rahisi: mlilinganisha na nani? Utafiti wa mwanzo ulikuwa na wagonjwa wachache, na haukuwa na kundi la pili lililopewa kidonge kisicho na dawa.

12/ Baadaye majaribio yenye makundi ya kulinganisha yalifanywa. Mojawapo lilikuwa Uganda, ambako si mgonjwa wala daktari alijua nani amepewa dawa na nani hajapewa. Faida haikuonekana. Na cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba Kemron haikuwa hata "yetu" kabisa. Interferoni ilitoka kampuni ya Japani, na wazo la kiwango kidogo lilitoka kwa daktari wa mifugo wa Texas. Bendera ilikuwa yetu. Hasara pia ilikuwa ya wagonjwa wetu.

13/ Tukajifunza? Mwaka 2011, Wakenya walivuka mpaka kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mzizi kwa shilingi 500 za huko. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wengine walifia njiani ama kwenye foleni. Aprili 2020 Madagaska ikazindua kinywaji cha artemisia cha Covid kabla ya jaribio kamili kukamilika, na nchi kadhaa za Afrika zikapokea shehena. Mpangilio ni ule ule: jukwaa kwanza, kipimo baadaye.

14/ Hapo upande wa pili unatabasamu. "Si tuliwaambia? Fuateni sayansi ya nje." Ngojeni kidogo, nanyi mna lenu. Kwa miaka mingi mwongozo wa dharura uliotumika kwingi duniani ulisema hivi: mtoto akija na homa kali na dalili za mshtuko, yaani mikono na miguu baridi, mapigo dhaifu, mwekee dripu ya maji mengi kwa haraka. Ilionekana ni jambo la wazi. Lakini ulikuwa haujapimwa ipasavyo kwa watoto wa Afrika, kwenye hospitali zisizo na mashine za kupumulia.

15/ Kati ya 2009 na 2011, jaribio lililoitwa FEAST lilifanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ile ya Kenya ni ya Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa na kituo tangu 1989. Kathryn Maitland na wenzake waliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu. Wengine walipata maji ya haraka ya aina moja ama nyingine, wengine walipata dripu ya polepole ya kawaida. Wote walipata dawa na uangalizi wa karibu.

16/ Matokeo yaliwashtua hata watafiti. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 10.6 kwa kila 100. Waliopewa ya polepole, 7.3. Tofauti ni zaidi ya watoto watatu kwa kila mia. Jaribio likasimamishwa Januari 2011 kabla ya wakati, kwa sababu haingekuwa haki kuendelea. (Muhimu: watoto wenye kuhara na waliopoteza damu kwa ajali hawakuwa kwenye utafiti huu. Usimkataze muuguzi dripu kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.)

17/ Elewa maana yake kisiasa. Kitu kilichoaminiwa kuwa "sayansi" kilikuwa desturi tu iliyovaa koti jeupe, hadi mtu alipoipima, na ikapimwa hapa. Kama tungesubiri London ama Boston waulize swali hilo, wangeliuliza kuhusu watoto wao, kwenye hospitali zao, na jibu lisingekuwa letu. Kwa hivyo hoja ya "tufanye utafiti wetu" ina uzito kweli. Inatakiwa tu kuwa hoja ya vipimo, na fahari ije baadaye.

18/ Nani alilipia FEAST? Hasa baraza la utafiti wa kitiba la Uingereza. Yaani mlipa kodi wa Manchester. Si dhambi, na tunashukuru. Lakini anayelipa ndiye huchagua swali. Malaria na Ukimwi hupata pesa za nje. Kuumwa na nyoka Baringo, ama ajali ya bodaboda, nani wa nje ataiamkia? Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema mfuko wa kitaifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujafika hata karibu. Hiyo ndiyo ahadi ya kuwauliza wanaoshika maikrofoni.

19/ Kuna hatua moja zaidi, na hapa ndipo midahalo huzimika: jibu kufika kwa mgonjwa. Watafiti wa Kenya, wakiwemo Philip Ayieko na wenzake, walipima hili katika hospitali nane za wilaya, 2006 hadi 2008. Zote zilipata miongozo ya kutibu watoto mahututi. Nne zilipata semina fupi na ripoti za maandishi. Nne nyingine zilipata mafunzo ya siku tano na nusu, msimamizi wa ndani, ziara za ufuatiliaji na mazungumzo ya ana kwa ana kuhusu matokeo yao.

20/ Baada ya miezi 18, hospitali zilizofuatiliwa zilikuwa zinatibu watoto vizuri zaidi kwa wazi: uchunguzi kamili, kipimo sahihi cha dawa, dripu sahihi. Hakuna jengo jipya wala mashine ya kukata utepe. Tatizo ni kwamba ufuatiliaji haupigwi picha. Semina ya siku moja na nusu hotelini inapigwa picha. Ukisikia "tumewapa wahudumu mafunzo", uliza siku ngapi, na nani alirudi kuangalia.

21/ Sasa dharura, kwa sababu dawa iliyopimwa haisaidii mtu aliyekwama barabarani. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi liliua watu 213 na kujeruhi zaidi ya 4,000. Wengi walikuwa wamekimbilia madirishani baada ya kusikia mlio wa kwanza, vioo vikawaingia machoni. Wananchi ndio waliochimba vifusi kwa mikono. Majeruhi walibebwa na matatu, pikapu, magari ya watu binafsi. Hakukuwa na mfumo mmoja wa kuamua ambulensi ipi iende wapi na hospitali gani ina nafasi.

22/ Miaka 12 baadaye tukaandika kwenye Katiba, Kifungu cha 43(2): mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni sentensi fupi na haina masharti. Halafu Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi. Walizunguka hospitali hadi hospitali. Huku hakuna kitanda cha wagonjwa mahututi, kule wanataka amana kwanza. Akafa. Haki yake ilikuwa imeandikwa, na ambulensi ilikuwa naye. Kilichokosekana ni kitanda, na mtu wa kuamua kwamba pesa zitaongelewa baadaye.

23/ Sheria ya Afya ya 2017 ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayoweza kutoa huduma ya dharura ikakataa. Sheria hiyo hiyo ikataka chombo cha kusimamia tiba za jadi kiundwe na bunge. Mwaka 2023 sheria ya bima ya afya ya jamii ikaunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Ambulensi nazo, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti. Unaona? Karatasi hatukosi. Mfuko usio na pesa ni jina tu, na faini isiyotozwa ni maneno.

24/ Kwa hivyo mdahalo ujao, mtu akisema "nitainua dawa zetu za asili" ama "nitaleta mashine za kisasa", muulize haya:
– Dawa hiyo imelinganishwa na nini, kwa wagonjwa wangapi?
– Mwenye maarifa atalipwaje?
– Pesa za utafiti zitatoka bajeti ipi, kiasi gani?
– Nani atarudi wodini kuangalia kama mwongozo unafuatwa?
– Saa nane usiku, napiga nambari gani, na ambulensi inanipeleka wapi?

25/ Na usingoje kampeni. Kila mwaka kaunti huwasilisha mwelekeo wa matumizi kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Serikali kuu pia huwasilisha makadirio yake bungeni kufikia Aprili 30. Umma una haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo huwa na viti vitupu na soda zinabaki. Nenda na ukurasa wa afya umechapishwa, tafuta mstari wa ambulensi, mstari wa utafiti na mstari wa usimamizi wa hospitali. Ukikuta sifuri, simama uulize mbele ya watu.

26/ Mwisho wa uzi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua miti, mrekodi kwa ruhusa yake na uandike jina la mti kwa lugha yake. Kama ulihudumia majeruhi siku ile ya 1998, ama ulikuwa muuguzi kwenye zile hospitali nane, andika hapa chini ulichoona. Wiki ijayo tunaangalia hoja nyingine isiyokosa kwenye midahalo: "kaunti zipewe pesa zaidi."